Njoo Unibebee Sanduku

Kiganjo, Thika
9 Novemba 1997

Kwa ndugu yangu Uthman Faki, Isiolo.

Salaam nyingi, mzee wa Isiolo. Ile salamu yenu ndefu naijua, lakini mara ya mwisho nilipoijaribu pale Majengo, kwa Waislamu wenzako, watu walicheka mpaka mmoja akakalia chai yake, kwa hivyo leo nakusalimu kwa midomo yangu ya kawaida. U hali gani? Magoti yanakubali kuinuka asubuhi au mnabishana kwanza? Na ule ugonjwa wa sukari uliosema umekuja kukutembelea, umeondoka au umeomba mkeka wa kulala? Sisi huku tunapumua. Waceke wangu mzima, na ulimi wake mzima zaidi. Mvua ndiyo imetuchosha. Tangu ianze haijui kupumzika, choo cha jirani kimebomoka, na tope la hapa Kiganjo limekula kiatu changu cha kushoto. Cha kulia nimekiweka kwa ukumbusho.

Habari kubwa ni moja, na ningependa uisome umekaa. Mimi, Muigai, niliyeacha shule darasa la nne kwa sababu mwalimu alikuwa na mkono mzito, leo ndiye mpiga solo mashuhuri kuliko wote kutoka Thika mpaka Nairobi. Nimetoa kanda na Ciku, nyota mwenyewe, na kanda hiyo inalia katika kila duka la Ruiru. Vijana wananisimamisha barabarani. Akina mama wanasahau maziwa jikoni mpaka yanafurika.

Basi. Nimeyasoma tena hayo niliyoandika na hata kalamu imeona haya. Kanda haijatoka. Kijana aliyenisimamisha barabarani ni mmoja, na alitaka kujua ni saa ngapi. Na solo, Faki, wewe unajua kuliko mtu yeyote kwamba sijawahi kupiga solo inayofaa hata kufukuza ndege shambani. Lakini Ciku ni wa kweli, na studio ni ya kweli, na shida niliyojiingiza ni ya kweli kabisa. Nitakueleza pole pole, kwa sababu nimechoka, na mtu aliyechoka akikimbiza maneno huanguka nayo.

Huko kwenu sijui kama redio inatangaza kitu kingine zaidi ya bei ya mbuzi, kwa hivyo nikujulishe. Ciku ni binti wa Gitothua, pale Ruiru, na kwa sasa hakuna mwimbaji wa pop anayemfikia. Picha yake iko katika kila saluni. Hata fundi wetu wa baiskeli, ambaye ukutani hakuwa na kitu ila msumari, sasa ana msumari na Ciku. Anaimba Kiswahili, Kikuyu, na maneno mengine ambayo vijana wameyatunga ili sisi tusielewe. Lakini ana wazimu mmoja ninaoupenda. Kila akitengeneza kanda mpya, lazima atafute mzee mmoja wa roki, wale wa enzi zetu, wa suruali za kufagia barabara, aje ampigie gitaa.

Alianza na Urbanus wa Machakos. Unamkumbuka Urbanus, aliyekuwa akipiga amesimama kwa mguu mmoja kama korongo, na sisi tukisikia anakuja Thika tunaanza kuugua. Binti alimkuta akichoma matofali. Akampeleka studio, mzee akasimama kwa mguu wake mmoja, na ilibidi vijana wawili wamshike kiuno mpaka wimbo uishe. Wimbo ukavuma. Siku hizi Urbanus anavaa miwani ya jua hata kukinyesha. Kanda ya pili akamtafuta Dismas, yule wa mahoteli ya Nairobi aliyekuwa akipiga nyuzi kwa meno. Wanasema Dismas alifika, akayatoa meno yote, akayatia mfukoni, akasema hayo ni ya ugali, gitaa atalipiga kwa vidole kama watu waliookoka. Huo nao ukavuma kuliko wa kwanza. Vijana wanarukaruka kwa nyuzi za wazee ambao hata kuruka mtaro hawawezi.

Kwa kanda ya tatu, Ciku akasema anamtaka Faki wa Radi, wa bendi yetu ya Chania Rockets. Yaani wewe.

Walikuja hapa kwangu na gari ambalo lilikwama kwenye tope karibu na kioski. Ciku alikuwa na yule prodyusa wake, Kinyanjui, kijana mwenye funguo nyingi kiunoni kama askari jela. Waliuliza pale kioski kama kuna mzee aliyekuwa akipiga gitaa la roki zamani, wakaonyeshwa kwangu. Mimi nilikuwa nje nachonga mpini wa jembe. Kinyanjui akaniamkia vizuri, akauliza kama mimi ndiye Mzee Faki. Sasa wewe unajua ile kava ya sahani yetu ya santuri. Uko mbele, nywele zimekufunika uso, moshi umekufunika nywele, na mimi niko nyuma yako, nimetokea kiwiko tu. Hakuna mtu Kenya hii anayejua sura ya Faki wa Radi. Nikasema ndimi, na kwamba wamechelewa sana, nilikuwa nawangoja tangu mwaka wa sabini na sita. Ulikuwa mzaha, Faki. Nilitaka wacheke, halafu niwaambie ukweli, niwape chai na anwani yako.

Lakini yule binti hakucheka. Alikuja na viatu vyake vya kisigino, vikizama tope mpaka kifundo, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akalia. Akaniambia kwamba baba yake alifanya kazi ya zamu kwenye kiwanda cha nguo, na kila alfajiri akirudi nyumbani alikuwa akipiga mluzi ile solo yako, yote, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Wakisikia mluzi ndipo wanabandika chai. Halafu kiwanda kikapunguza watu, baba akarudi nyumbani mchana bila mluzi, na hakupiga mluzi tena mpaka walipomzika mwaka jana. Sahani aliyoiacha imekwaruzika pale pale penye solo, sindano ikifika inaruka. Mwanzo anaukumbuka, mwisho anaukumbuka, lakini katikati pamempotea. Ameitafuta sahani nyingine mpaka River Road kule Nairobi, hakuna. Akasema hahitaji chochote kingine kwangu, ila hapo katikati tu.

Hebu niambie, ningemwambia lini kwamba mimi ni Muigai? Kabla ya chozi la kwanza au baada ya la pili? Waceke naye alikuwa dirishani, amesikia kila kitu. Alitoka na birika la chai akiniita Mzee Faki kwa sauti ya kusikika mpaka mtaa wa Landless, akaniuliza mbele ya wageni kama Mzee Faki atapenda sukari kama kawaida yake. Mwanamke huyu nitamzika, au yeye atanizika, lakini kabla ya hapo mmoja wetu atakufa kwa kicheko.

Usiitupe barua hii jikoni bado. Si mara ya kwanza gitaa lako kuwa langu. Unaikumbuka ile Jumamosi mama yako, Bi Khamisa, Mungu amlaze pema, alipokuja ukumbini tulikokuwa tukipiga? Kuna mtu wa Majengo alikuwa amemwambia kwamba mwanawe anawapigia walevi gitaa. Mimi ndiye niliyeona buibui mlangoni. Nilikuvua gitaa shingoni kama mtu anayemvua mtoto shati linaloungua, nikalivaa, na wewe ukanyanyua sanduku lake tupu ukaliweka begani. Nikamwendea nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba kijana wake ni mbeba sanduku tu, ni kazi ya halali, hata hajui gitaa linashikwa upande gani. Alifurahi mpaka akaniombea dua. Taabu ni kwamba alikaa. Aliketi kwenye benchi la nyuma asikie huyo tajiri wa mwanawe anapigaje, na mimi nikalazimika kupiga solo yako, wimbo mzima, mbele ya watu waliolipa kiingilio. Alipoondoka alikuambia unihurumie, kwa sababu ni mtu mzuri lakini masikini kazi yake haijui. Na kuanzia hapo kila Jumamosi alinitumia mahamri, mimi, si wewe. Jioni ile ukanibebea sanduku mpaka steji ya mabasi, ukacheka mpaka ukakaa chini barabarani, ukasema hilo ni deni, kwamba nikikuhitaji popote utakuja unibebee tena bila kuuliza. Sijawahi kulidai. Liweke hapo akilini kwanza.

Sasa nirudi kwa haya ya leo. Nilifikiri nimepata njia ya kuponyoka bila kumuumiza binti. Nikawaambia Faki wa Radi hawezi kupiga bila amplifaya yake ile ile, kwamba radi ilikuwa mle ndani. Kinyanjui akatoa kidaftari akaniuliza ilikuwa mtambo wa aina gani, kutoka nchi gani, uliwezaje kutoa sauti ya kukwaruza namna ile ambayo mashine zake zote zimeshindwa kuiga. Nikamwambia panya. Akaandika. Ikabidi nimweleze kwamba panya wa ukumbini walitafuna karatasi ya spika, na sisi hatukuwa na jinsi ya kununua nyingine, tukaipigia hivyo hivyo, na Jumamosi hiyo watu wakapagawa. Kwa hivyo ile sauti iliyokupa jina, Faki, nusu ni yako na nusu ni ya panya, na panya hakuwahi kulipwa.

Mimi nilijua amplifaya iko wapi. Mwenye ukumbi alipofunga, vyombo vilitawanyika, na ile ikaishia Kalimoni kwa Mama Ngendo, ambaye ameitoa mgongo akaitia majani makavu, na kuku wake hutagia humo. Nilidhani Kinyanjui akisikia hivyo atakata tamaa. Kumbe vijana wa siku hizi wanapenda takataka za zamani kuliko sisi tulivyozipenda zikiwa mpya. Akaliendesha gari lake mpaka Kalimoni, mimi na Ciku nyuma, na tulipofika tukakuta kuku ameatamia. Mama Ngendo akakataa kabisa. Aliambiwa huyu ni Ciku, akasema na huyu ni kuku, na kuku ndiye aliyefika kwanza. Kama binti ni nyota, basi nyota hungoja usiku, angoje. Ciku akacheka, akachuchumaa pale akamtazama kuku kwa adabu. Na ndivyo ilivyokuwa, nchi nzima inangoja kanda, na kanda inangoja mayai. Mimi kila jioni nilikuwa nikimwombea yule kuku uvivu.

Mayai yakaanguliwa. Hata kuku siku hizi ana haraka.

Studio yenyewe iko Gitothua, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Kuta wamezibandika trei za mayai ili sauti isitoroke, kwa hivyo hata huko sikuwaponyoka kuku. Juu ni mabati. Mvua ikianza, kazi inasimama. Ikiacha, stima inapotea. Stima ikirudi, mvua inaanza. Tulikaa humo siku nyingi tukisubiri vitu viwili vikubaliane. Na katika kusubiri huko ndiko nilikojua kwamba kuwa wewe ni kazi, Faki, na sijui umeiwezaje miaka yote hii. Mchana wa kwanza Kinyanjui akaleta mutura ya moto kutoka kwa mchinjaji, imekatwakatwa, ina pilipili, harufu yake inakufuata kama mtoto. Nikanyoosha mkono. Ciku akamkemea Kinyanjui, kwamba ana adabu gani ya kumwekea Mzee Faki utumbo wa damu mbele, hajui mzee ni Mwislamu? Wakaniomba radhi wote wawili. Wakaniletea mkate na soda. Nilikula mkate huo huku nikitazama mutura ikiliwa na mpiga ngoma, kipande kwa kipande, na nakuambia machozi yalinijaa kuliko siku ya mazishi ya mjomba wangu.

Alasiri yake, Ciku mwenyewe akanitandikia mkeka wa kuswalia chumba cha nyuma, akafunga mlango taratibu ili nisisumbuliwe. Hapo sikucheka. Nilikaa juu ya ule mkeka na kofia yangu mkononi, nikisikia mvua, nikamwomba Mungu, yule yule mmoja wetu sote, asiniandikie hili pamoja na yale mengine. Mkeka ulikuwa mpya, bado una karatasi ya dukani pembeni.

Siku ikafika mvua na stima vikasikizana. Amplifaya ikachomekwa. Ilitoa moshi kidogo, ikatoa unyoya, ikakohoa, halafu, Faki, ikasema. Sauti ile ile. Nywele za mikono zilinisimama, chache zilizobaki. Ciku akafumba macho. Na wote wakanigeukia mimi.

Miaka yote ile nilisimama upande wako wa kushoto. Solo ile naijua kuliko ninavyojua sala ya Bwana. Najua pale unapovuta uzi kama mtu anayevuta mbuzi asiyetaka kwenda sokoni. Najua pale unaponyamaza, na watu wote wanadhani umesahau, halafu unarudi kwa mlango mwingine. Kichwa kinajua. Vidole ndivyo ambavyo havikuhudhuria darasa. Nilijaribu. Nilipiga kitu kilichofanana na solo yako kama mimi ninavyofanana na wewe. Nilipomaliza nikainua macho. Kinyanjui alikuwa akihesabu trei za mayai. Nikasema ni baridi ya mifupa, vidole vimekakamaa kwa mvua, na Ciku, mtoto mwema, akasema bila shaka ni mvua, akaniletea maji ya moto kwenye karai niviloweke. Nililoweka vidole vyangu visivyo na hatia yoyote, Faki, mpaka vikakunjamana kama vya mfua nguo.

Ndipo nikiwa hapo kwenye karai, kwa kuchoka tu, nikaanza kuiimba kwa mdomo. Solo yako, polepole, ta-ra-ra, kama mzee anayembembeleza mjukuu. Sikujua kama naimba. Nilipofika katikati, pale panaporuka sindano, nikaona Ciku amesimama mlangoni. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaifuata kwa sauti yake, akakosea, nikamrekebisha, akaifuata tena, na mara ya tatu akaipata yote. Alipofika mwisho alienda akasimama ameangalia ukuta. Baadaye aliniambia ndivyo hasa baba yake alivyokuwa akiipiga, na kwamba hata pale pa kunyamaza alikuwa akinyamaza, ilikuwa karibu na lango, akitafuta komeo.

Basi wakarekodi hivyo. Kwenye kanda hakuna solo ya gitaa. Kuna Ciku anaiimba solo yako kwa sauti tupu, na chini yake ni mimi na rithimu yangu ile ile, chaka-chaka, kazi niliyozaliwa nayo. Rithimu nilipiga vizuri. Hata wewe ungenyamaza. Na kava itasema gitaa ni la Faki wa Radi.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo nimelizungukia barua nzima kama mbwa anavyozunguka kabla ya kulala.

Tulipokuwa tukikunja nyaya, Ciku aliniuliza habari za yule mwingine. Nikauliza mwingine yupi. Akasema yule wa kiwiko, kwenye kava ya sahani, aliyekuwa akipiga rithimu. Baba yake alikuwa akisema hajui jina la mtu huyo, lakini kwamba mluzi wake usingesimama bila yeye, kwa sababu akitembea miguu ilikuwa inafuata rithimu, mluzi ulikuwa juu tu. Akataka kujua kama bado yuko hai, amtafute naye. Faki, nilikuwa nimefungua mdomo. Nakuapia nilikuwa nimefungua. Lakini kama Muigai yuko hai na anakaa Thika, basi watamfuata, na wakimfuata watafika kwangu. Nikamwambia alikufa. Nikasema Muigai alikufa zamani, kifua, alikuwa mtu mzuri. Akasema pole. Alisema pole kwa namna ambayo hakuna mtu amenisemea nikiwa hai.

Juzi Kinyanjui alinionyesha kava kabla haijaenda kuchapwa. Chini, kwa herufi ndogo nzuri, imeandikwa kwamba wimbo huu ni kwa kumbukumbu ya baba yake Ciku, na ya marehemu Muigai. Kwa hivyo jina langu linachapwa kwa mara ya kwanza, na linachapwa likiwa limezikwa. Nilirudi nyumbani nikamwambia Waceke. Alicheka kwanza. Akasema yeye sasa ni mjane, atamtafuta kijana mwenye meno. Halafu akaacha kucheka, akanivua koti lililolowa, akaniambia nisiende kulala bila kukuandikia wewe.

Nimejaribu kumwambia binti mara mbili. Mara ya kwanza mvua ikapiga mabati akawa hasikii. Mara ya pili mvua ilikuwa imeacha, na sikuweza. Anazindua kanda Jumamosi ya tarehe 29 mwezi huu, hapa Thika, katika ukumbi wetu ule ule wa karibu na mto, umefunguliwa tena na kupakwa rangi ya kuumiza macho. Amplifaya itakuwepo, vifaranga wameshahamia kwingine. Anataka siku hiyo, mbele ya watu, Faki wa Radi apige ile solo kwa gitaa mwenyewe, kwa sababu vidole vitakuwa vimepona. Mama yake atakuwa kiti cha mbele. Na mimi nilisema sawa.

Najua utasema nini. Ulipomzika Bi Khamisa ulinipa gitaa nikuwekee, ukaenda Isiolo kuuza vitambaa, na sasa uko kwenye kamati ya msikiti na vijana wanasimama ukipita. Lakini hukuapa, Faki. Nilikuwepo. Ulisema tu umechoka. Hata mimi nimechoka. Nimechoka kwa jina langu, na sasa nimechoka kwa jina lako pia. Gitaa bado ninalo. Liko chini ya kitanda, katika sanduku lile lile, nyuzi nimezilegeza zisivunje shingo, na kila Krismasi Waceke hulipangusa na kitambaa cha mafuta huku akikusengenya.

Mimi sikuombi upige. Nakudai deni langu tu. Panda basi la Ijumaa, Ramadhani bado iko mbali, ulale hapa kwangu, Waceke atachinjisha kuku kwa mtu wa Majengo ili usipate sababu. Jumamosi unibebee sanduku mpaka ukumbini. Kubeba sanduku si haramu. Nimemuuliza imamu wa Majengo, bila kukutaja, nikamwambia ni mzigo wa rafiki. Akasema kumbebea mtu mzigo wake ni thawabu.

Ciku nitamwambia mimi mwenyewe, pale mlangoni, wewe ukiwa kando yangu, kwa sababu mtu anayerudisha ng'ombe wa wenyewe ni heri aje ameshika kamba. Atakavyoamua ni juu yake. Kisha ulipandishe sanduku jukwaani, uliweke chini. Gitaa langu nitakuwa nimelivaa. Nitasimama upande wako wa kushoto nianze rithimu, na ukitaka kufungua, utafungua, na usipotaka, nitaendelea kupiga mpaka wachoke, na binti ataimba juu yake. Lakini kwa vyovyote vile watu wataona wazee wawili, si mmoja, nami nitakuwa nimefufuka hadharani bila kusumbua mchungaji.

Wasalimie wote wa nyumbani, mkubwa kwa mdogo. Waceke anasema lete ile chai yenu yenye tangawizi, na uvae viatu vya mpira, tope la hapa halijui mtu wa kamati. Stejini nitakungoja mimi. Sanduku ni jepesi, Faki. Njoo unibebee.

Ni mimi ndugu yako,
marehemu kwa muda,
Muigai